Askofu Stephen Gardiner: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukianza kusoma habari za Henry VIII na watoto wake, huyu askofu hukwepi kukutana naye, na kila anayekutana naye anauliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu ninavyoelewa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwasababu ndo yanayopotoshwa sana.

Kwa ufupi, Gardiner ni nani?

Ni askofu wa Winchester kuanzia 1531, kabla ya hapo karani wa kadinali Wolsey, waziri mkubwa wa mfalme, alafu katibu wa mfalme Henry VIII na balozi wake kwa Papa na kwa mfalme wa Ufaransa. Henry alipofariki akaishia kufungwa miaka mitano chini ya mtoto wake Edward VI, na siku malkia Mary, dada yake Edward, alipoingia London akatoka gerezani na ndani ya wiki chache akawa Chansela Mkuu wa Uingereza. Cheo hicho maana yake anashika muhuri mkuu wa nchi, anaongea bungeni kwa niaba ya serikali na anakaa juu ya mahakama ya chansela. Alikufa nacho, 12 Novemba 1555. Watawala watatu, na kila mmoja alikuwa na dini yake kidogo tofauti na mwenzake, ndo maana maisha yake yamejaa kona.

Ni kweli alikuwa mtoto wa haramu wa askofu mwingine, au ana damu ya kifalme?

Hapana. Hizo stori zilizuka baadae, watu hawakuamini kwamba mtoto wa kawaida anaweza kufika pale. Alizaliwa Bury St Edmunds, mji wa nguo za sufu huko Suffolk, na baba yake John Gardiner alikuwa mtu wa biashara ya nguo. Familia ilikuwa na uwezo, basi, hakuna la ajabu zaidi.

Kwanini askofu afanye kazi za serikali? Si angebaki kanisani?

Hili swali ni zuri na jibu lake ni la pesa zaidi kuliko la dini. Mfalme wa Uingereza wa zama zile alihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika barua kwa Kilatini na kujadili mikataba na mabalozi wa nje, na watu wa hivyo wengi walitoka vyuoni na walikuwa makasisi au walijua sheria za kanisa. Sasa mfalme akimfanya karani wake kuwa askofu anakuwa amemlipa kwa mashamba na kodi za kanisa, hazina yake haiguswi hata senti, na kwakuwa askofu hana mtoto wa kurithi, akifa cheo kinarudi mezani anapewa mwingine. Winchester ndo ilikuwa jimbo tajiri kuliko yote Uingereza. Kabla ya Gardiner walipita kina William of Wykeham, Richard Foxe na Wolsey mwenyewe kwenye kiti hicho hicho, na wote walikuwa watu wa serikali. Kwahiyo yeye sio wa kwanza, ila yuko karibu na mwisho wa utaratibu huo, baada yake kizazi kile cha maaskofu wanaoendesha nchi kilipungua haraka.

Alisomea nini?

Sheria. Na naomba hili ulishike kwasababu wengi wanamsoma kama mtu wa madhehebu tu, wanajiuliza huyu ni Mkatoliki au Mprotestanti, alafu wanachanganyikiwa. Alisoma Cambridge, chuo cha Trinity Hall, ambacho kilijulikana kwa sheria, akawa daktari wa sheria ya Kirumi na daktari wa sheria ya kanisa pia, na 1525 akawa mkuu wa chuo hicho. Barua zake nyingi zinasomeka kama hoja za wakili: nani ana mamlaka, mamlaka yameanzia wapi, yanaishia wapi, na nani hana ruhusa ya kuyagusa.

Ila kabla ya hapo kuna picha moja ya ujana wake ambayo mimi naipenda. Akiwa kijana mdogo Paris alikutana na Erasmus, msomi mkubwa kabisa wa Ulaya wakati ule, na kazi yake pale nyumbani ilikuwa ni pamoja na kumtengenezea kachumbari ya majani ya saladi kwa siagi na siki, Erasmus akawa anaisifia. Miaka kama 15 imepita, Gardiner ni mtu mzito kwenye ofisi ya Wolsey, akamwandikia Erasmus kumkumbusha: mimi ndiye yule kijana wa saladi.

Alihusikaje na ishu ya ndoa ya Henry na Catherine?

Alihusika mwanzo mwisho. Henry alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe ili amuoe Anne Boleyn, na mwenye kubatilisha ni Papa. Mwaka 1528 Wolsey akamtuma Gardiner pamoja na Edward Foxe waende kwa Papa Clement VII. Shida ni kwamba mwaka mmoja nyuma, 1527, wanajeshi wa kaisari Charles V walikuwa wameivamia Roma na kuipora, Papa akatoroka akajificha Orvieto, mji uko juu ya mwamba, na huyo Charles ni mtoto wa dada yake Catherine. Kwahiyo unaenda kumuomba Papa amuumize shangazi wa mtu aliyemfukuza nyumbani kwake. Dili gumu tokea mwanzo.

Ripoti waliyotuma nyumbani ni ya kusikitisha kusoma. Walifika wakiwa hawana nguo zaidi ya zile za mwilini. Mji una njaa, malazi mabovu, kila kitu bei juu. Kumfikia Papa wakapitishwa vyumba vitatu vitupu, kuta hazina mapambo, dari zimeanguka, watu kama thelathini wa ovyo ovyo wamesimama tu humo, na chumba cha kulala cha Papa mwenyewe waliandika kwamba ukijumlisha vyote vilivyomo, na kitanda juu, havifiki thamani ya sarafu ishirini za dhahabu. Katika mazingira hayo Gardiner akambana Papa kwa vifungu siku baada ya siku, tena kwa ukali, na akatoka na ruhusa ya kesi kusikilizwa Uingereza, ingawa sio ile ruhusa kamili Henry aliyoitaka. Kesi ikaja ikakwama 1529, Wolsey akaanguka, lakini Gardiner hakuanguka naye, tayari mfalme alikuwa amemchukua kuwa katibu wake.

Sasa kwanini Cranmer ndo akawa askofu mkuu wa Canterbury na sio yeye?

Kwasababu ya 1532. Bunge lilileta malalamiko dhidi ya mahakama za maaskofu, na Gardiner akaandika jibu la kuwatetea maaskofu wenzake, kwamba kanisa lina haki ya kujitungia sheria na haki hiyo imetoka kwa Mungu. Henry alikasirika vibaya sana. Miezi michache baadae askofu mkuu Warham akafariki, nafasi ikawa wazi, na mtu ambaye kwa uzoefu na elimu alistahili akapitwa, akapewa Thomas Cranmer ambaye hakuwa hata askofu. Na 1534 ukatibu nao ukaenda kwa Thomas Cromwell. Mimi naona hapa ndipo alipojifunza kuogopa.

Ni kweli aliandika kitabu cha kumpinga Papa?

Ndio, De vera obedientia, kwa Kilatini, 1535, mwaka uleule Thomas More na askofu John Fisher walikatwa vichwa kwa kukataa ukuu wa mfalme juu ya kanisa. Hoja yake ni kwamba mfalme anatawala watu wake wote, na watu hao hao ndo kanisa la Uingereza, sasa itakuwaje awe kichwa chao wakiwa sokoni alafu asiwe kichwa chao wakiwa kanisani? Na Papa ni askofu wa Roma tu, hana mamlaka huku. Kitabu kilichapwa na kikatembea Ulaya.

Kitabu hicho kikamfuata mpaka kaburini. Mwaka 1553 yeye anatoka gerezani kuwa Chansela wa malkia Mkatoliki, maadui zake wakachapa tafsiri ya Kiingereza ili kila mtu asome mwenyewe alichoandika kuhusu Papa, na kuhusu ndoa ya Catherine, mama yake Mary. Na bunge alilolisimamia yeye ndo likatangaza kwamba ndoa ya Henry na Catherine ilikuwa halali siku zote. Kazi aliyoifanya akiwa kijana, akaifuta mwenyewe akiwa mzee, mbele ya watu wote.

Alikuwa kigeugeu basi?

Ndo jina alilopewa, na ukiangalia suala la Papa peke yake huwezi kumtetea, aliapa alafu akageuka. Lakini angalia suala la misa. Chini ya Henry aliamini mkate na divai vinageuka kuwa mwili na damu ya Kristo, chini ya Edward aliamini hivyo hivyo na akafungwa kwa hilo, chini ya Mary vilevile. Hakusogea hata hatua. Na suala la sheria: siku zote alisema mabadiliko yanapita kwa mamlaka halali, sio kwa ubabe wa kundi. Mtu wa kigeugeu angesaini tu yale waliyomtaka asaini arudi kwenye jumba lake. Yeye alikaa ndani.

Kweli alimuangusha Thomas Cromwell?

Alikuwa upande uliomuangusha, pamoja na duke wa Norfolk. Cromwell, aliyekuwa mshauri mkubwa wa Henry, alikamatwa Juni 1540 akakatwa kichwa 28 Julai, na siku mbili baadae Robert Barnes, mhubiri aliyekuwa amemshambulia Gardiner jukwaani kwa kuchezea jina lake (gardener kwa Kiingereza ni mtunza bustani), kwamba huyu mtunza bustani anapanda magugu, akachomwa moto Smithfield, London, bila hata kesi ya kawaida. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imepita ile sheria ya Vifungu Sita, iliyolinda imani ya zamani kuhusu misa, na watu wengi walimuona Gardiner kama nguvu nyuma yake. Baada ya Cromwell akapewa ukuu wa chuo kikuu cha Cambridge pia. Miaka hiyo alikuwa juu, lakini hakuwahi kuwa salama: 1543 watu wake walijaribu kumtega Cranmer kwa kosa la uzushi, Henry akamlinda Cranmer, na mpwa wake Gardiner aitwaye Germain akaishia kunyongwa 1544 kwa kukana ukuu wa mfalme.

Ile stori ya matamshi ya Kigiriki ni ya kweli?

Ni kweli kabisa. Walimu wawili vijana pale Cambridge, John Cheke na Thomas Smith, walianza kufundisha Kigiriki kwa matamshi ambayo Erasmus alisema ndo ya kale. Gardiner 1542 akapiga marufuku rasmi, yenye adhabu kwa ngazi: msomi mkubwa anatolewa kwenye baraza la chuo, mwenye ufadhili anaupoteza, watoto wadogo wanachapwa. Na huyo Erasmus ndo yule Gardiner aliyekuwa akimtengenezea saladi. Hoja yake haikuwa kwamba matamshi yao ni makosa sana, bali kwamba vijana hawana mamlaka ya kubadili kinachotumiwa na wote kwa kuamua tu wenyewe. Ukielewa hili umeelewa sehemu kubwa ya siasa zake.

Kwanini Edward VI alimfunga?

Edward alikuwa na miaka 9 alipopata ufalme Januari 1547, kwahiyo walioamua ni wajomba na washauri. Henry alikuwa amemtoa Gardiner kwenye orodha ya watakaoshika nchi, na inasimuliwa alisema huyu mimi naweza kumuongoza, nyie hamtamuweza. Gardiner akasema hivi: ukuu wa kanisa alipewa mfalme, na mfalme huyu ni mtoto, kwahiyo nyie washauri wake hamna ruhusa ya kubadili dini kwa jina lake, iacheni kama Henry alivyoiacha mpaka mtoto akue. Ni hoja nzuri ya kisheria. Lakini mtego ni kwamba ni yeye mwenyewe 1535 aliyeandika kwamba mfalme lazima atiiwe, na mamlaka aliyosaidia kuyajenga sasa yalikuwa mikononi mwa watu wasiomtaka. Kwangu mimi hapa ndo kiini cha maisha yake yote, alimpa mfalme kanisa akiamini sheria itaweka mipaka, na mipaka haikuwepo.

Wakampa nafasi ya kuhubiri mbele ya mfalme, siku ya Mtakatifu Petro, 29 Juni 1548, wakamwambia akubali mabadiliko na asiguse suala la misa. Akaligusa. Kesho yake akapelekwa Tower, ngome ya London iliyokuwa pia gereza. Alikaa bila hukumu zaidi ya miaka miwili, kesi ikafanyika mwishoni mwa 1550, Februari 1551 wakamvua uaskofu, akawekwa John Ponet.

Alitokaje?

Edward alikufa Julai 1553, na 3 Agosti Mary akaingia Tower. Wafungwa walikuwa wamepiga magoti kwenye majani wakimsubiri: Gardiner, duke wa Norfolk ambaye sasa ni mzee, Edward Courtenay aliyefungwa tangu utoto, na mjane wa duke wa Somerset, mjomba wa Edward. Mary akawainua akawabusu akasema hawa ni wafungwa wangu. Agosti hiyo hiyo Gardiner akawa Chansela, na 1 Oktoba yeye ndo alimvika taji, kwasababu Cranmer alikuwa ndani.

Alimuunga mkono Mary kuolewa na Philip wa Hispania?

Mwanzo alipinga. Alitaka aolewe na Mwingereza, tena huyo Courtenay. Mary akakataa katakata. Basi Gardiner akafanya alichokuwa anakijua, akakaa na wanasheria kuandika mkataba wa ndoa, na mimi naamini hii ndo kazi bora kuliko zote alizofanya akiwa Chansela. Philip ataitwa mfalme ila hatagawa vyeo vya Uingereza kwa wageni, hataiingiza nchi kwenye vita yake na Ufaransa, na Mary akifa bila mtoto Philip hana chake hapa. Alafu 25 Julai 1554 akawafungisha ndoa kwenye kanisa lake la Winchester.

Kumbuka 1557 Gardiner ameshakufa, Mary akaingia vitani upande wa Philip hivyo hivyo, na Januari 1558 Uingereza ikaipoteza Calais, mji wake wa mwisho huko Ufaransa.

Waasi walifanya nini kwenye jumba lake?

Januari na Februari 1554 Thomas Wyatt aliongoza waasi kutoka Kent kupinga ndoa ya Mhispania, wakafika Southwark ambako Gardiner alikuwa na jumba kando ya mto Thames. Wakalipora, na kwenye maktaba wakachana vitabu mpaka mtu angeweza kutembea karatasi zimemfika magotini. Maktaba ya msomi, ya maisha yote, ikaisha siku moja.

Je, ndiye aliyewachoma Waprotestanti?

Hapa tuwe wakweli pande zote mbili. Sheria za zamani za kuchoma wazushi zilirudishwa na bunge yeye akiwa Chansela, na alikuwa upande wa kuzirudisha. Januari 1555 yeye ndo alikaa mbele kwenye kesi za kwanza, katika kanisa la St Mary Overie pale Southwark. John Rogers alichomwa Smithfield 4 Februari, John Hooper siku chache baadae Gloucester. Damu hizo huwezi kumtoa. Kwenye kesi Rogers alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe miaka mingi alihubiri dhidi ya Papa, akajibu kwamba walilazimishwa kwa ukatili, Rogers akamuuliza sasa mbona unatufanyia ukatili huo huo? Mimi sioni kama alikuwa na jibu la hilo.

Upande mwingine: kwa jumla walichomwa watu kama 280 hivi mpaka 1558, na wengi wao walikufa yeye akiwa kaburini. Kwenye jimbo lake la Winchester hakuna anayejulikana kuchomwa wakati wa uhai wake. Inaelekea alidhani viongozi wachache wakitishwa wengine watakubali, kama yeye alivyokubali 1535, na alipoona hawakubali akajitoa kwenye kesi. Alikosea kuwapima.

Na ile ya kusubiri chakula mpaka Ridley na Latimer wachomwe?

Ni uongo, na unaweza kuuthibitisha mwenyewe kwa tarehe. Inasimuliwa, na John Foxe, mwandishi Mprotestanti wa habari za wafia dini, ndo aliyeieneza, kwamba 16 Oktoba 1555 Gardiner alimuweka duke mzee wa Norfolk akisubiri mezani mpaka habari za kuchomwa kwa Ridley na Latimer, maaskofu Waprotestanti, huko Oxford zifike, alafu akala kwa furaha na hapo hapo Mungu akampiga ugonjwa. Lakini duke mzee wa Norfolk alishafariki Agosti 1554! Na Gardiner, ingawa kweli alikuwa mgonjwa, 21 Oktoba alisimama akafungua bunge. Foxe alihifadhi mambo mengi ya thamani sana ya mateso yale, ila kwa huyu mtu alimuonea.

Alikufaje?

Kwa ugonjwa, kwenye jumba la kifalme la Whitehall. Alikuwa anasomewa habari za mateso ya Yesu, zilipofika pale Petro anapomkana Bwana inasemekana akasema nimekana pamoja na Petro, ila sijalia pamoja na Petro.

Inanihusu nini mimi Mwanglikana wa Afrika Mashariki?

Ugomvi huu ndo uliolizaa kanisa lako. Ukishika Kitabu cha Sala, Kenya, Uganda au Tanzania, asili yake ni kitabu cha Cranmer cha 1549, na Gardiner akiwa gerezani alisema ibada ya 1549 bado inaweza kueleweka kwa imani ya zamani. Cranmer hakupenda hata kidogo kusikia adui yake anakisifia hivyo, na toleo la 1552 likaondoa mengi ya yale Gardiner aliyoyategemea.

Nikienda Uingereza naona nini?

London, nenda Clink Street, karibu na soko la Borough, utaona ukuta wa ukumbi wa lile jumba lake na dirisha la mviringo juu, hulipii chochote. St Mary Overie ipo hatua chache kutoka hapo, saivi ndo kanisa kuu la Southwark. Winchester utaona kikanisa chake kidogo ndani ya kanisa kuu, na sanamu ya maiti iliyokonda.

Nataka kusoma barua zake, natafutaje?

Usitafute "Gardiner" tu utakosa nyingi. Kabla ya 1531 wenzake walimuita Dr Stephens. Akiwa askofu alisaini Ste. Winton, kwa Kilatini cha Winchester, na kwenye barua za wengine ni "Winchester" tupu, kwahiyo ukikuta Winchester amekasirika, Winchester amegoma kusaini, huyo ndo yeye.